Mpima Macho na Chelo ya Jumapili

Mtaa mzima ulimwita Hii-au-Ile, na hakuwahi kukasirika. Alikuwa mpima macho. Kazi yake ilikuwa kumkalisha mtu kwenye kiti, kumvalisha fremu nzito ya chuma isiyo na urembo wowote, kisha kutumbukiza humo lenzi moja baada ya nyingine huku akiuliza kwa sauti ile ile ya upole: hii, au ile? Haya, na sasa, hii au ile? Watani wake walisema mama yule hata sokoni akishika nyanya mbili huziuliza zenyewe. Alicheka pamoja nao. Mtu anayejipatia riziki kwa swali moja hana budi kulizoea.

Ambalo wateja hawakulijua ni kwamba swali hilo halikuishia dukani. Nyuma ya kiti cha kupimia palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia chumba alimokula, alimolala na alimosikiliza muziki. Kitanda kilikuwa chembamba, jiko dogo, dirisha moja tu. Lakini ukuta mzima wa upande wa kulia ulikuwa wa rafu, na rafu zilijaa santuri, kanda na sidii mpaka mbao zikabonyea katikati. Zote zilikuwa za muziki wa klasiki, ule wa piano na fidla usio na mwimbaji wala ngoma. Kama ungemuuliza ana nyimbo ngapi pale, angekujibu bila aibu kwamba anao mmoja.

Na ni kweli, kwa kiasi kikubwa. Ulikuwa wimbo wa polepole wa piano na chelo, ile fidla kubwa ambayo mpigaji huikumbatia kati ya magoti kama mtoto mgonjwa. Mtunzi wake alikwishakufa zamani sana, lakini kila kizazi wapigaji wapya wanaurekodi upya, na Hii-au-Ile alikuwa akizitafuta rekodi hizo kama wengine wanavyotafuta waume. Alizipata kwenye maduka ya mitumba, kwa wazee waliokuwa wanahama nyumba, kwa wasafiri aliowapimia macho. Utauliza, wimbo ni ule ule, noti ni zile zile, za nini zote hizo? Basi na wewe jibu: wali ni ule ule, mbona wa mama yako unaujua hata ukifumba macho?

Kila Jumamosi alasiri alifunga duka mapema, akavuta pazia, akachagua wapigaji wawili. Alimweka wa kwanza, akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Kisha akamweka wa pili. Kulikuwa na mzee mmoja aliyevuta pumzi kwa pua kabla ya kila msuguo wa upinde kwenye nyuzi, mpaka ukatamani kumpa leso. Kulikuwa na mwanamke aliyepiga kama anayemkaripia mtoto ampendaye. Kulikuwa na rekodi moja iliyofanyika mbele ya watu ukumbini, na mahali fulani katikati mtu alikohoa. Kila walipofika hapo mpima macho alimwambia pole. Jua liliingia dirishani, likatambaa juu ya shuka, likapanda rafuni na kutoweka, naye hakujua tena kama alikuwa macho au alikuwa ndotoni. Alikuwa anamtafuta mtu katika sauti zile. Kila mara alifika mwisho, akatikisa kichwa, akasema, siyo huyu.

Aliyekuwa anamtafuta alimwita Yule wa Baba.

Baba yake alikuwa mpiga chapa. Alirudi nyumbani kila jioni na wino kwenye kucha, masikio yakivuma kwa kelele za mitambo, akataka watu wote wanyamaze. Siku moja shule ya bweni iliyokuwa jirani na kiwanda chao ilifungwa, vitu vyake vikauzwa, naye akanunua gramafoni ya umeme iliyokwishapitia mikono mingi pamoja na boksi la santuri ambazo hakuna mwingine aliyezitaka. Kaka mtu, ambaye alikuwa kijana tayari mwenye misuli, aliibeba mashine kichwani mpaka nyumbani. Santuri nyingi zilikuwa zimekwaruzika vibaya. Ile ya chelo ilikuwa nzima.

Tangu siku hiyo Jumapili zilikuwa na umbo lao. Baada ya chakula cha mchana Mama alifunga madirisha kuzuia joto, Baba akavua viatu, akashusha sindano kwa vidole vyake vyeusi, na watoto wawili wakajilaza sakafuni kwa sababu saruji ilikuwa ya baridi. Kisha chelo ikaanza. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, isiyo na haraka ya kufika popote. Ilipita kwenye saruji ikamwingia binti mbavuni. Alikuwa akitazama vumbi likielea kwenye mstari wa mwanga uliopenya kwenye dirisha, na ilionekana kwake kwamba vumbi lenyewe linasubiri noti inayofuata. Baba hakusema neno. Kaka alikuwa akisinzia na kukoroma kidogo. Binti hakuwahi, kabla wala baada ya hapo, kuhisi kwamba hakuna baya lolote linaloweza kuwafikia.

Mama alitangulia, Baba akafuata. Ndugu wawili waligawana vitu vyao bila ugomvi, jambo ambalo majirani walilisifu. Kuhusu muziki waliamua kwa werevu wao wenyewe: kaka achukue gramafoni, kwa kuwa ndiye aliyeibeba, na dada achukue santuri. Hivyo, walisema, kila mmoja akitaka kusikiliza itambidi amtembelee mwenzake, na undugu hautapoa. Mpango mzuri ajabu. Kaka alikuwa na tanuri la mikate mji mwingine, na mikate haina likizo. Dada alikuwa na duka la miwani, na macho nayo hayana. Ikapita miezi bila kutembeleana, na mwishowe dada akajinunulia mashine yake.

Jumamosi ya kwanza alishusha sindano juu ya santuri ya Baba, akajilaza sakafuni kama zamani. Chelo iliyotoka ilikuwa ya mtu mwingine. Sauti ilikuwa nyembamba zaidi, na mpigaji alikwenda mbio kama mwenye basi la kuwahi. Aliurudia wimbo, akaurudia tena. Jalada lilikuwa lile lile, lenye doa la wino la kidole cha Baba. Lakini santuri yenyewe haikuwa na kitambulisho, kwa sababu ile karatasi ya duara ya katikati kaka yake aliibandua zamani zile kwa mate ili aone kuna nini chini yake. Jalada linaweza kuwa la kweli na kilichomo kikawa cha bandia. Mtu alikuwa amebadilisha. Na siku ya kugawana vitu walikuwa wawili tu chumbani.

Hapo ndipo alipokosea, maana badala ya kulala na neno lake mpaka asubuhi alishika simu. Alimwambia kaka yake kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Alimwambia arudishe santuri ya Baba na hatasema tena. Upande wa pili kaka akauliza, "Mimi? Nikuibie wewe?" na simu ikakatwa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Baada ya hapo walikutana misibani na harusini tu, wakasalimiana kama watu walio kwenye foleni ya benki. Kila mmoja alikuwa akisubiri mwenzake aombe radhi kwanza, na wote wawili walimrithi Baba kwa ukaidi. Mpima macho akaanza kununua rekodi. Kama santuri ile ipo duniani, alijiambia, basi hakuichapa mtu mmoja. Iko nyingine mahali fulani, na siku moja atashusha sindano na Yule wa Baba ataanza kupiga. Alikwisha kumjengea sura: mtu mnene, mwenye tai pana, mwenye huzuni isiyo na sababu, anayepiga chelo mchana kweupe madirisha yakiwa yamefungwa. Wengine walifanana naye kidogo. Hakuna aliyekuwa na ule utulivu. Miaka ilikwenda, rafu zikazidi kubonyea, na sauti aliyoitafuta ikaanza kufifia hata kichwani mwake mwenyewe. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Aliogopa kwamba siku itakapokuja kusikika hataitambua.

Aliyewatoa kwenye shimo hilo ni wifi yake, mke wa kaka. Wifi huyu alikuwa mwanamke wa maneno machache lakini kila moja limekolezwa, na ndiye aliyekuwa akiandika oda za mikate. Siku moja alifika dukani bila taarifa, akaketi kwenye kiti cha kupimia, akasema herufi zimeanza kumcheza shere.

Mpima macho alimvalisha fremu, akatumbukiza lenzi. "Hii, au ile?"

"Zote sawa tu."

"Tazama vizuri, wifi. Hii, au ile?"

"Nimeshatazama. Moja ngumu na nyingine ngumu. Kama wewe na kaka yako."

Mpima macho alijifanya hakusikia, akabadilisha lenzi. Lakini mgeni njoo mwenyeji apone: lenzi za miwani zilihitaji kukatwa, siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na wifi hakuwa na haraka ya kurudi. Akakaribishwa nyuma ya pazia. Alikaa kitandani akitazama ule ukuta wa santuri kama mtu aliyeonyeshwa ghala la mahindi katikati ya jiji, akauliza kama zote zimelipiwa, kisha akavua viatu na kujiegemeza. Walisikiliza mpigaji mmoja, kisha mwingine. Wifi alilala katikati ya wa pili. Alipoamka alikuta mwenyeji wake amekaa vile vile, mikono mapajani, na macho yamejaa maji.

Hakumwuliza analia nini. Aliuliza jambo jingine. "Wifi, nijibu bila kunistahi. Mimi nimeolewa na mwizi?"

Mpima macho alifuta macho kwa kiganja.

"Ile mashine iko chumbani kwetu, pembeni mwa kabati," wifi aliendelea kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza bei ya unga. "Ameifunika kitambaa. Kila Jumapili anakitoa, anakikung'uta, anakirudisha. Hana santuri hata moja. Sijawahi kumsikia akicheza kitu. Sasa niambie, mwizi gani anaiba santuri halafu anaangalia mashine ikiwa tupu?"

Mpima macho alianza kusema kwamba huenda aliiuza, lakini neno lilimkwama. Alimjua kaka yake. Kaka yake hakuwa mtu wa kuuza hata gunia tupu lililokuwa la Baba. Kama ni hivyo, santuri ya kweli ilikwenda wapi? Aliizungusha hoja kichwani jioni ile yote na hakupata mwisho wake. Wifi alichukua miwani yake mipya, akaivaa, akautazama ule ukuta wa santuri kwa mara nyingine, akasema kwamba sasa anaona vizuri na bado haelewi. Kisha akaondoka.

Haikupita muda mrefu simu ikalia. Ilikuwa sauti ya kaka, nzito kidogo kuliko alivyoikumbuka. Hakusalimia sana. Alisema njoo Jumapili, na uje na hiyo santuri. Mpima macho akajibu nitakuja, na wote wawili wakabaki na simu sikioni wakisikiliza kupumua, mpaka mmoja akakata.

Alisafiri kwa treni, santuri ikiwa imefungwa taulo na kuwekwa mapajani. Nje mashamba yalikuwa yakipita polepole, yakaja maghala, yakaja tena mashamba, na mlio wa magurudumu ukamlaza nusu. Katika nusu usingizi ile alikuwa tena sakafuni, na Baba alikuwa anavua viatu; lakini kila alipotega sikio asikie chelo, alisikia reli tu. Aliamka akiwa ameikumbatia santuri kwa mikono yote miwili, na abiria wa mbele yake akimwangalia kwa huruma.

Nyumba ya kaka ilikuwa nyuma ya tanuri, na harufu ya mkate ilikuwa imeingia mpaka kwenye mapazia. Kaka alimpokea mlangoni. Alikuwa amezeeka. Mvi na unga vilikuwa vimechanganyika kichwani mwake kiasi kwamba hukujua nini kitatoka akioga. Walipeana mikono, akasema karibu mdogo wangu, akamuuliza habari za safari, akajibiwa nzuri, akauliza tena habari za safari. Wifi aliwaletea chai, akawatazama kwa ile miwani yake mipya, akarudi jikoni kusudi.

Gramafoni ilikuwa mezani sebuleni, haikufunikwa. Mbao zake zilikuwa zimepigwa rangi ya mafuta mpaka zinang'aa. Mpima macho aliuona ule mkwaruzo wa pembeni, uliopatikana siku kaka alipojikwaa kwenye kizingiti akiwa ameibeba, akaugusa kwa kidole.

"Nimemwita fundi redio," kaka alisema, akijaribu kuficha fahari yake na kushindwa. "Kaifungua yote, kaisafisha. Nilitaka ukija uikute ni nzima. Weka santuri yako. Kama si yenyewe nitakuapia kwa kaburi la Baba kwamba sikuibadilisha, na kama hutaki kuniamini, basi."

Akaiweka. Sindano ikashuka, ikakwaruza kidogo, piano ikaanza, kisha chelo.

Alikuwa yule yule mwenye haraka, aliyemsikia Jumamosi ya kwanza. Sauti nyembamba, mwendo wa mtu anayewahi basi. Mpima macho alisubiri, kama vile mpigaji angeweza kubadilisha mawazo njiani. Kaka hakuwa akiitazama mashine, alikuwa akimtazama yeye usoni, kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Siyo hii," alisema.

Uso wa kaka ulifungika. Alisimama, akaenda dirishani, akamgeuzia mgongo. Alisema kwa sauti ya chini kwamba amechoka kuitwa mwizi nyumbani kwake mwenyewe. Alisema ameitunza mashine hii kuliko alivyoutunza mgongo wake, kaitafutia fundi, na fundi kasema ni bahati haikuungua, kwa sababu ndani mlikuwa na kigurudumu cha kuizungusha kisicho chake. Aliyeitengeneza zamani alikosea saizi, akaweka kidogo kuliko kinachotakiwa, na maskini mashine ikawa inazunguka kwa uvivu miaka yote. Sasa imewekewa chake. Inakwenda kama ilivyozaliwa. Halafu mtu anapanda treni kuja kusema siyo hii.

Aliongea zaidi, lakini dada yake hakuyasikia.

"Kaka, rudia. Inazunguka vipi?"

"Kwa uvivu. Kwa kuchelewa. Fundi kasema wimbo wowote mngeuweka humo ungesikika wa mtu mwenye usingizi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla Baba hajainunua. Kasema kutu ya mle ndani ni ya zamani kuliko sisi."

Santuri iliendelea kuzunguka kati yao. Mpima macho aliwakumbuka wateja wake. Kila wiki alikuwapo mmoja aliyeingia akilalamika kwamba magazeti ya siku hizi yanachapwa ovyo, herufi zina ukungu. Naye humvua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akamrudishia bila neno. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote na hakuwahi kujiuliza jambo hilo kuhusu masikio yake. Hapakuwa na Yule wa Baba. Hapakuwa na mtu mnene mwenye tai pana. Alikuwapo mpigaji huyu huyu mwenye mwendo wa kawaida, na mashine mbovu iliyomfanya apige polepole na kwa sauti nzito katika nyumba moja tu duniani, Jumapili alasiri. Wale wote aliowakusanya rafuni wasingeweza kumpa sauti ile hata wangejaribu. Na santuri haikuwahi kutoka mikononi mwake.

Alipomweleza kaka yake, alimweleza vibaya, maneno yakipandana. Kaka alisikiliza, akakunja uso, akaangalia mashine, akaangalia santuri. Kisha akaelewa, na akaketi.

"Kwa hiyo nilipoitengeneza ndipo nilipoiharibu," alisema.

Mpima macho alilia hapo, bila kujificha. Alilia kwa ajili ya ile simu, na kwa ajili ya miaka iliyoliwa na simu ile, na kwa ajili ya sauti ambayo ilikuwapo chini ya kitambaa wakati wote akiitafuta, na ambayo sasa imetengenezwa mpaka ikafa. Kaka alikuwa na haki ya kusema mengi siku ile. Mtu mwingine angemwambia, umeona sasa. Yeye alivaa viatu haraka haraka, kimoja kikiwa hakijafungwa kamba, akatoka mbio kumtafuta fundi redio. Alirudi akihema. Kigurudumu cha zamani kilitupwa pamoja na vyuma chakavu, na gari la takataka lilikwishapita.

Alisimama katikati ya chumba, jasho likimchuruzika kwenye unga. Wimbo ulikuwa umekwisha na sindano ilikuwa ikisugua karibu na katikati, shh, shh. Dada alisema basi, haidhuru, asijisumbue. Alisema amefurahi kujua. Hakufurahi hata kidogo, na wote walijua.

Kaka aliinua sindano, akairudisha mwanzo. Akachuchumaa mbele ya meza, magoti yakalia. Kisha akanyoosha kidole, kile kile anachopimia mkate kama umeiva, akakiweka kwenye ukingo wa sahani ya mashine, ile inayozunguka chini ya santuri.

Alikandamiza mno. Chelo ilinguruma kama ng'ombe aliyekwama topeni na karibu inyamaze. Wifi alichungulia kutoka jikoni akauliza nani kaumia. Kaka akalegeza, na yule mwenye haraka akatoroka tena. Akakandamiza kidogo. Akalegeza kidogo. Mtu aliyekanda unga tangu ujana anajua tofauti kati ya kugusa na kugusa, na kidole chake kikawa kinatafuta mahali pake taratibu, huku yeye amefumba macho na kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama alivyokuwa akilala zamani.

Kisha ikaja. Haikunyooka, iliyumba, ikapanda na kushuka kufuata mapigo ya damu yaliyokuwa kwenye kidole kile. Lakini ilikuwa yenyewe. Ilikuwa nzito, ya chini, isiyo na haraka ya kufika popote. Mpima macho aliyeogopa kwamba ataisahau aliitambua kabla noti ya kwanza haijaisha. Alishuka kitini. Mtu mzima na heshima zake, alijilaza chali kwenye saruji ya sebule ya kaka yake, akafumba macho, na sauti ikamwingia mbavuni.

Hakujua alilala pale kwa muda gani. Alipofumbua macho alimwona kaka yake kutoka chini, amechuchumaa, mkono umenyooka na umeanza kutetemeka kwa uchovu, na hajauondoa.

"Kaka," alisema. "Nilikuita mwizi. Nisamehe."

Kaka hakugeuka.

"Nimeshasikia," alijibu kwa kunong'ona. "Sasa nyamaza, mdogo wangu. Ukinisemesha nitapoteza mwendo."